Je, ni Kweli Kwenye Maonyesho ya Silaha Hakuna wa Kukuuliza?

Swali: "Ninaishi karibu na Dallas, Texas, na nina grini kadi tangu 2021. Ni dereva wa lori, nalala njiani siku tatu nne kila wiki, mke wangu anabaki nyumbani na watoto. Mwezi uliopita nilikwenda duka la silaha kununua bastola ya kuweka nyumbani. Nikajaza fomu, wakawasiliana na huko wanakowasiliana, wakaniambia majibu yamecheleweshwa, nisubiri. Nikaingiwa na hofu, nikaondoka na sikurudi. Mwenzangu kazini ananicheka. Anasema Jumamosi kuna maonyesho ya silaha, unalipa taslimu na kuondoka nayo, hakuna wa kukuuliza jina, na hapa Texas ni halali kabisa. Tena shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayekaa kwetu na kusoma chuo kwa viza ya mwanafunzi, ananiomba nikienda nimchukulie na yeye moja, pesa anayo. Je, anayosema mwenzangu ni kweli? Na mwakani naomba uraia: jambo hili linaweza kuniharibia?"

Ndugu yangu, umeuliza kabla ya kufanya, na hilo peke yake limenipa nafuu, maana wengi wanaonifikia hufika baada ya kufanya. Swali lako lina mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: ununuzi wako, bastola ya shemeji, na uraia. Nitayafungua kwa utaratibu, lakini nianze na jibu fupi usije ukakaa roho juu. Wewe, kama mkazi wa kudumu, sheria ya shirikisho haikukatazi kununua silaha kwa sababu tu si raia. Kwenye maonyesho unaweza kweli kununua mkononi kwa mtu bila kuchunguzwa, na isiwe kosa. Na ya shemeji usiiguse kabisa, iwe dukani, iwe ukumbini, iwe barabarani.

Mwenzako anadhani ukumbi wa maonyesho una sheria yake. Hauna. Sheria ya shirikisho haijali mahali, inajali anayeuza ni nani. Aliyefanya kuuza silaha kuwa biashara lazima awe na leseni ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko. Mwenye leseni hiyo lazima amchunguze mnunuzi, awe dukani kwake au amepanga meza ukumbini. Ukiingia Jumamosi utakuta meza nyingi ni za watu hawa. Wana kompyuta, wana fomu ileile uliyojaza mwezi uliopita, na majibu yatatoka kulekule yalikokwama. Yaani ukisimama kwenye meza hizo umerudi palepale ulipopakimbia.

Halafu wapo wengine: mzee anayepunguza bunduki zake za kuwindia, mjane anayeuza vitu vya marehemu, na yule anayezunguka ukumbini bunduki begani, karatasi ya bei imechomekwa kwenye mtutu. Hao ni wauzaji binafsi. Sheria ya shirikisho haiwalazimishi kumchunguza mnunuzi, na hata wakitaka hawawezi wao wenyewe, kwa sababu mfumo wa uchunguzi umefunguliwa kwa wenye leseni tu. Uhuru huo wanao ukumbini, wanao sebuleni kwao, wanao kwenye matangazo ya mtandaoni. Magazeti huuita mwanya wa maonyesho, lakini hata kumbi zote zikifungwa kesho, mwanya utabaki wazi vilevile.

Umekujaje? Sheria kubwa ya silaha ya 1968 ndiyo iliyoweka mfumo wa leseni tulionao na kuorodhesha watu wasioruhusiwa kuwa na silaha, ila kwa miaka mingi mnunuzi alitia saini tu kwamba yeye si mmoja wao, basi, akaaminiwa. Machi 1981 Rais Reagan alipigwa risasi Washington, na msemaji wake James Brady akapigwa kichwani na kubaki na ulemavu maisha yake yote. Bastola ile ilinunuliwa kwenye duka la rehani huko huko kwenu Dallas. Ilichukua miaka 12 ya mivutano hadi Rais Clinton akatia saini sheria inayoitwa kwa jina la Brady, Novemba 1993, na mfumo wa uchunguzi wa papo kwa papo, NICS, ukaanza kazi tarehe 30 Novemba 1998 chini ya FBI. Wajibu ukawekwa kwa wenye leseni. Watu binafsi wakaachwa nje. Sheria isingepita vinginevyo.

Majaribio ya kuwaingiza hayajakosekana. Katika mauaji ya shule ya Columbine, Colorado, 1999, bunduki tatu kati ya nne zilikuwa zimenunuliwa na rafiki wa wauaji, msichana wa miaka 18, kwenye maonyesho ya silaha, kwa wauzaji binafsi. Mwaka uliofuata wapiga kura wa Colorado waliamua kwamba kila mauzo ya ukumbini yawe na uchunguzi. Lakini Bungeni Washington, Aprili 2013, miezi michache baada ya watoto kuuawa katika shule ya Sandy Hook, pendekezo la kuchunguza mauzo ya maonyesho na ya mtandaoni lilipata kura 54 kwa 46 katika Seneti. Zilihitajika 60. Likafa. Tangu hapo kila jimbo limekwenda njia yake: jimbo la Washington walipiga kura 2014, New Mexico wakatunga sheria 2019, Virginia 2020, na Michigan sheria yao ilianza 2024. Minnesota, ambako ndugu zetu ni wengi, inadai uchunguzi au kibali kwa bastola na baadhi ya bunduki. Texas haijaweka chochote cha namna hiyo, na hapo ndipo mwenzako alipopata ile nusu yake ya ukweli.

Wewe ni dereva, kwa hiyo nisisitize jambo ambalo mwenzako hakulisema. Muuzaji binafsi haruhusiwi kumuuzia mkazi wa jimbo lingine, na wewe huruhusiwi kununua bastola nje ya jimbo lako kisha ukairudisha nyumbani. Ukipitia maonyesho ya Oklahoma ukiwa safarini, ukanunua bastola mkononi kwa mtu na kuitia kwenye lori, nyote wawili mmevunja sheria ya shirikisho, hata kama kila mmoja ni mtu safi asiye na doa. Bastola ya jimbo lingine hupitia kwa wenye leseni: hutumwa kwa muuzaji mwenye leseni wa Texas, naye anakuchunguza kabla ya kukukabidhi.

Sasa tufike penye uzito. Mwenzako amechanganya kutochunguzwa na kuruhusiwa. Uchunguzi ni mlango tu. Katazo lenyewe liko kwenye kumiliki. Mtu aliye kwenye orodha ya waliokatazwa akipata silaha bila kupita mlangoni, kosa lake halipungui hata chembe, na tangu 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15 jela. Nani wamo kwenye orodha? Waliopatikana na hatia ya kosa linaloweza kufungwa zaidi ya mwaka mmoja, hata kama wao walitozwa faini tu. Waliopatikana na hatia ya kumpiga mke, mume au mtu wa nyumbani, hata likiwa kosa dogo. Walio chini ya aina fulani ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenza. Watoro wa mahakama. Waliolazwa hospitali ya akili kwa amri. Watumiaji wa dawa za kulevya, na hapa bangi imo, hata kama jimbo unakopitia inauzwa dukani kwa risiti. Wasio na hati za kuishi nchini. Na walioingia kwa viza ya muda, akiwemo shemeji yako.

Jipime na orodha hiyo kwa uaminifu, wewe na nafsi yako. Nimeona mtu aliyesahau kabisa kwamba miaka ya nyuma alikiri kosa baada ya ugomvi wa nyumbani, akalipa faini, akahudhuria semina, akarudi kazini, wakarudiana na mkewe. Kwake yaliisha. Kwa sheria ya silaha hayaishi hivyo. Duka lingemwambia hapana. Ukumbini angeambiwa asante, karibu tena, halafu angeendesha kwenda nyumbani akiwa na kosa kubwa la jinai kwenye buti ya gari.

Turudi dukani kwako. Neno lililokukimbiza halina maana uliyoipa. Majibu ya NICS ni matatu: endelea, imecheleweshwa, imekataliwa. Kucheleweshwa maana yake mfumo umekutana na kitu ambacho lazima binadamu akiangalie kwa macho. Kwa watu kama sisi sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: kila mnunuzi asiye raia, hadhi yake huulizwa kwenye kumbukumbu za uhamiaji, na hilo huongeza hatua. Sababu nyingine ni majina. Mtu anaitwa Juma Hamisi Salum, leseni ya udereva imeandikwa Juma Salum, grini kadi imeandikwa Salum Juma Hamisi, na tayari kuna watu wengine wenye majina hayo kwenye kumbukumbu za polisi. Ndiyo maana fomu ina nafasi ya namba ya hifadhi ya jamii: si lazima kuijaza, lakini mimi ningeijaza, maana inakutenganisha na mwenye jina lako. Sababu nyingine ni kesi ya zamani ambayo polisi waliandika umekamatwa, mahakama haikuandika iliishaje.

FBI wana siku 3 za kazi. Zikipita bila jibu, sheria inamruhusu muuzaji kukukabidhi silaha, ila haimlazimishi, na maduka mengi makubwa yamejiwekea sera ya kutotoa mpaka jibu lije. Wana sababu. Kijana aliyeua waumini tisa katika kanisa la Emanuel huko Charleston, 2015, alipata bastola yake kwa namna hiyo: uchunguzi ulichelewa, siku tatu zikapita, akakabidhiwa. Kwa mnunuzi wa chini ya miaka 21, sheria ya 2022 imeruhusu muda uongezwe hadi siku 10 za kazi.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wakati wewe unakosa usingizi, jibu lako la endelea lilishafika dukani siku mbili baada ya kuondoka. Uchunguzi huo una uhai wa siku 30, ukipita unaanza upya, hakuna ubaya. Na kwa wale wenye wasiwasi kwamba serikali inaweka daftari la wenye silaha: sheria ya 1986 imekataza daftari la namna hiyo la kitaifa, na rekodi ya uchunguzi uliopita salama hufutwa ndani ya saa 24. Fomu yenyewe inabaki kwa muuzaji.

Fomu hiyo, namba 4473, ina kitu kimoja ninachotaka ukikumbuke vizuri. Kwenye swali la uraia uliweka alama wapi? Mkazi wa kudumu anajaza nchi yake na namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A. Kama kwa haraka au kwa woga uliweka alama kwenye raia wa Marekani, usirudi dukani kujisahihisha peke yako. Kudai uraia usio nao ni miongoni mwa mambo magumu kuliko yote katika sheria ya uhamiaji, na hapo unahitaji wakili kabla ya hatua yoyote.

Shemeji, sasa. Hapa sitapamba maneno. Aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi amekatazwa kununua na kumiliki silaha. Kukodi bunduki kwenye uwanja wa shabaha ni kumiliki pia kwa muda ule. Upo msamaha, nao ni wa kweli: mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani anatoka kwenye katazo hilo. Lakini msamaha huo anautumia yeye mwenyewe, kwa nyaraka zake, kwa jina lake, kwa muuzaji mwenye leseni. Haupitii mfukoni mwako.

Wewe kumnunulia kwa pesa yake ni kosa linalosimama peke yake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aitwaye Abramski, polisi wa zamani wa Virginia. Mjomba wake alimpa hundi ya dola 400 amnunulie bastola, kwa kuwa alidhani angepata punguzo la askari. Mjomba hakuwa na kosa lolote, angeweza kuinunua mwenyewe. Abramski alijaza fomu kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi. Akapatikana na hatia, na majaji watano kwa wanne wakaithibitisha. Hiyo ilikuwa kwa mjomba anayeruhusiwa! Kwa mtu aliyekatazwa, sheria ya 2022 imeweka kosa maalumu la kumnunulia mwingine, hadi miaka 15, na kosa hilo halihitaji fomu. Ukinunua mkononi kwa mtu, kwa taslimu, bila karatasi hata moja, limetimia.

Kuna kesi nyingine ambayo ningependa shemeji aisome mwenyewe. Rehaif alikuwa kijana kutoka Falme za Kiarabu aliyekuja kusoma Florida. Alifeli, chuo kikamwondoa, viza yake ikakosa msingi, naye akabaki. Akaenda uwanja wa shabaha, akakodi bastola, akapiga risasi. Alishitakiwa na kuhukumiwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua yuko kwenye kundi lililokatazwa, na hukumu yake ikatenguliwa. Wapo wanaoisimulia kama ushindi. Mimi nahesabu miaka aliyoipoteza mahakamani kwa ajili ya jioni moja ya kulenga shabaha. Na wewe huwezi kusema hukujua viza ya shemeji yako ni ya aina gani, umeniandikia mwenyewe.

Jambo ambalo hukuliuliza, lakini linatoka hapo hapo: shemeji anakaa kwako. Sheria inahesabu kumiliki hata pale ambapo silaha si yako, mradi una uwezo wa kuifikia na nia ya kuitumia. Bastola iliyowekwa chini ya godoro au kabatini juu, wewe ukiwa Arizona na yeye yuko sebuleni, inamweka pabaya. Ukinunua, nunua na sanduku la chuma lenye kufuli, na namba za siri mjue wewe na mkeo tu. Nasema mkeo kwa sharti kwamba naye ana grini kadi au ni raia. Kama bado yuko kwenye viza ya muda, yaliyo juu yanamhusu na yeye, na mpango wako wote wa kumwachia bastola ya kujilinda lazima ufikiriwe upya.

Kuhusu uraia: kumiliki silaha kihalali hakukunyimi uraia, na ofisa wa usaili hakuhukumu kwa hilo. Kinachoharibu ni kosa. Sheria ya uhamiaji ina kifungu kinachosema asiye raia akipatikana na hatia chini ya sheria yoyote kwa kununua, kuuza, kubadilishana, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kuondoshwa nchini. Haijali ni kosa kubwa au dogo, wala umekaa miaka mingapi, wala watoto wako wamezaliwa wapi. Raia anayefanya kosa lilelile hufungwa, akatoka, akarudi kwake. Wewe unafungwa, kisha unaanza kesi ya pili, ya kufukuzwa. Na fomu ya uraia, N-400, huuliza hata makosa ambayo hukuwahi kukamatwa nayo. Ukiwa umemnunulia shemeji, utakaa mbele ya ofisa huku umeapa, uchague kati ya kukiri kosa na kudanganya.

Basi Jumamosi ufanye nini? Kwa maoni yangu, rudi dukani. Ni njia ya kuchosha na ndiyo bora kwako. Ukipita, una ushahidi kwamba siku ile, kwa majibu ya FBI, hukuwa na kizuizi. Mtu ambaye maisha yake hapa yanategemea karatasi asikimbie mahali anapopewa karatasi.

Kama bei ya ukumbini inakuvuta, au umeona bastola unayoitaka kwa muuzaji binafsi, ipo njia ya kati na wengi hawaijui: wewe na muuzaji mnakwenda pamoja kwenye meza ya mwenye leseni, anaipokea, anakujazisha fomu, anakuchunguza, anakukabidhi. Hutoza ada, mara nyingi kati ya dola 20 na 50. Muuzaji mwenye akili atafurahi. Anayekataa na kukasirika kwa ombi hilo, achana naye.

Njia ya tatu, taslimu na kwaheri, kwako inaweza kuwa halali kama nilivyosema. Sitakudanganya kwamba ni kosa. Lakini elewa unachokikosa. Hujui bastola ile imetoka wapi. Polisi wakiokota silaha kwenye tukio, ATF huanza kwa kiwanda, kwa muuzaji wa jumla, kwa duka, hadi kwa mnunuzi wa kwanza aliyejaza fomu. Hapo njia ya karatasi inakatika, na kuanzia hapo ni kugonga milango na kuuliza ulimuuzia nani. Ikiwa bastola iliibiwa au ilitumika vibaya kabla haijafika kwako, utakuwa wewe unayeeleza, kwa lafudhi yako, huna hata jina la aliyekuuzia. Ukiamua njia hiyo pamoja na yote haya, angalau andikishaneni: majina, namba za leseni za udereva, namba ya silaha, tarehe, saini. Wauzaji wengi wa Texas hudai kuona leseni ya udereva ya Texas, na wengine kibali cha kubeba bastola, kwa sababu nao wanaogopa. Kumuuzia mtu ambaye una sababu ya kumshuku kuwa amekatazwa ni kosa kwa muuzaji binafsi pia.

Na siku ukitaka kuuza, usifanye mchezo wa kununua hapa na kuuza pale kwa faida. Sheria ya 2022 ilibadilisha maelezo ya nani anafanya biashara: sasa inatosha kwamba lengo lako kuu ni faida, si lazima iwe ndiyo riziki yako. Kanuni ya ATF ya 2024 ya kufafanua hilo ilipelekwa mahakamani mara moja na jaji wa Texas akaizuia huko kwenu, lakini sheria yenyewe iliyopitishwa na Bunge ipo. Agosti 2019 mtu mmoja aliua watu saba kati ya Midland na Odessa. Alikuwa amekataliwa na mfumo wa uchunguzi mwaka 2014, kisha akapata bunduki kwa muuzaji binafsi. Muuzaji yule alionekana kuwa alifanya biashara bila leseni, akafungwa miaka miwili.

Je, uchunguzi unasaidia kweli au ni usumbufu tu? Mwenzako atakuambia wahalifu hawanunui kwenye maonyesho, na ana takwimu: utafiti wa wizara ya sheria uliofanywa kwa wafungwa mwaka 2016 ulikuta kati ya waliokuwa na silaha wakati wa kosa, asilimia 0.8 tu waliipata kwenye maonyesho, na asilimia 43 waliipata mtaani. Ni kweli. Lakini mfungwa husema mkono wa mwisho uliompa, hasemi mikono iliyotangulia. ATF walipochambua uchunguzi wao wa magendo ya miaka ya 1996 hadi 1998, karibu silaha 26,000 kati ya zaidi ya 84,000 zilihusishwa na maonyesho na magulio. Silaha hununuliwa ukumbini na mlanguzi, huuzwa mtaani na mlanguzi. Takwimu zote mbili zinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Na kwa jumla, utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba takriban asilimia 22 ya waliopata silaha katika miaka miwili iliyotangulia waliipata bila uchunguzi. Ile asilimia 40 inayotajwa kwenye hotuba ni ya miaka ya 1990.

Neno moja la nyumbani, kisha nimalize. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu kujiua, na nyumba yenye watoto na bastola isiyofungiwa ni hatari kwa wenye nyumba kabla ya kuwa hatari kwa mwizi. Texas ni kosa kuiacha mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anapoweza kuifikia. Na usiitie kwenye lori kwa kuzoea: kubeba bastola bila kibali Texas kumeruhusiwa tangu Septemba 2021 kwa wengi wenye miaka 21 na zaidi, lakini ruhusa hiyo inaishia mpakani, na Illinois au New York hawatajali kwamba kwenu ni sawa.

Mtafute wakili ana kwa ana, mwenye ujuzi wa uhamiaji na jinai kwa pamoja, ikiwa lolote kati ya haya lipo: umewahi kukamatwa popote, hata kama kesi ilifutwa, una shaka na alama uliyoweka kwenye swali la uraia, mkeo hana grini kadi, au shemeji tayari ameshika silaha yoyote. Katika hali hizo usinunue kitu kabla ya mazungumzo hayo, na usijaze N-400. Nenda na nakala za mahakama zenye muhuri, hadithi peke yake haitoshi. Kama duka litakuambia umekataliwa, usiende duka la pili kubahatisha, kwa sababu siku hizi FBI huwaarifu polisi wa eneo lako ndani ya saa 24. Omba sababu kwa maandishi na ukate rufaa FBI. Na kama tatizo lako ni jina tu na unacheleweshwa kila mara, omba FBI wakuweke kwenye faili lao la rufaa la hiari. Ukikubaliwa hupewa namba yako maalumu, na kila unaponunua unaiandika kwenye fomu ili wasikuchanganye tena na Salum mwingine.